Nguva Ana Sharubu

Kila baada ya miezi michache hurudi. Video ya sekunde ishirini hivi, picha inatetemeka, mchangani kimelala kitu chenye nywele ndefu na mkia wa samaki, na juu yake maandishi ya herufi kubwa: NGUVA ANASWA, SAMBAZA KABLA HAIJAFUTWA. Safari hii ilitua kwenye kundi letu la ukoo usiku, watu wamekwisha kula. Shangazi akaandika Mungu atuepushe na majini ya baharini. Binamu yangu msomi akamjibu kwamba nguva ni ngano za Wazungu, hakuna kitu kama hicho duniani. Wakaanza. Katikati ya mabishano, mjomba, ambaye amevua Mafia tangu ujana wake na ambaye huonekana kundini siku za Idi tu, akaleta sauti ya sekunde tisa: "Nguva yupo. Nimemwona, na nyama yake nimekula. Ila huyo wenu si nguva. Nguva ana sharubu."

Kundi likanyamaza.

Nilicheka, halafu nikaona kwamba wale watatu hawakuwa wanapingana hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na kiumbe wake kichwani, na wote watatu wamebebeshwa jina moja. Siku mbili baadaye binti wa kaka yangu, yuko darasa la nne, akanifuata: "Shangazi, kama nguva yupo, na vile vidada vidogo vyenye mabawa vya kwenye katuni navyo vipo?" Haya ndiyo majibu yangu, marefu kuliko alivyoyataka.

Jina moja, viumbe watatu

Tuna neno kaa. Kuna kaa anayetembea upande ufukweni, kuna kaa la moto jikoni, na kuna kaa unalomwambia mgeni akifika. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu hakuna anayedhani kaa la moto lina miguu. Kwa nguva tumeshindwa kufanya hivyo, na hatuna lawama kubwa, maana viumbe wake watatu wanafanana kwa mbali.

Wa kwanza ni mnyama. Huyu ndiye wa mjomba. Ni mkubwa, hufikia mita 3 na kilo 400, rangi ya kijivu, mkia wake umegawanyika kama wa pomboo, na mdomo mpana umeinamia chini, umejaa sharubu ngumu anazopapasia sakafu ya bahari akitafuta majani. Anakula majani kama ng'ombe. Anapumua hewa kama sisi, kwa hiyo kila baada ya dakika chache lazima apande juu. Jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati, kisha hupita miaka kadhaa kabla hajazaa mwingine, na chuchu zake ziko chini ya mapezi ya mbele, karibu na kwapa. Mtu akimwona kwa mbali jioni, kichwa cha mviringo kinatokeza majini na mtoto amegandamana na kifua, si ajabu akaenda nyumbani na habari.

Wataalamu wenyewe hawakujizuia. Kundi zima la nguva na jamaa zake wamelipa jina la kisayansi Sirenia, kutokana na viumbe wa ngano za Wayunani walioimba mpaka mabaharia wakapotea. Na Christopher Columbus, Januari 1493, akiwa visiwa vya Karibi, aliandika katika kumbukumbu za safari kwamba wameonekana nguva watatu wamejitokeza juu ya maji, ila si wazuri kama wanavyochorwa. Inaaminiwa kwamba aliwaona binamu za nguva wetu wanaoishi Atlantiki. Sentensi hiyo naipenda: mtu amevuka bahari nzima, kaona kile alichosimuliwa, na jambo la kwanza analofanya ni kulalamikia sura.

Mnyama huyu anakwisha. Mwaka 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na kundi pekee lenye matumaini upande wetu wa Bahari ya Hindi liko Bazaruto, Msumbiji. Anayewamaliza zaidi ni wavu wa jarife, ule unaotegwa usiku kucha. Nguva akinasa hawezi kupanda kupumua, akafa maji, yeye aliyezaliwa majini. Zamani nyavu zilisokotwa kwa nyuzi za mimea, mnyama mwenye nguvu aliweza kuzipasua akaenda zake. Nailoni haina huruma hiyo. Kwa hiyo mtu anayesema "nguva hayupo" anakosea leo, lakini akisubiri kidogo anaweza kuja kuwa sahihi.

Wa pili ni nguva wa masimulizi yetu, mwenye nguvu za kiroho, ambaye shangazi alimwogopa. Pwani husimuliwa pamoja na majini wa bahari na vibwengo. Kongo wana wake. Lubumbashi, hasa miaka ya 1970, wachoraji wa mitaani walimchora mara nyingi sana, picha ikatundikwa sebuleni: mwanamke mweupe mwenye mkia wa samaki ameketi kandokando ya maji. Kwa Kiswahili cha kule anaitwa mamba muntu, yaani mamba mtu. Anatoa mali, lakini kwa sharti. Shikilia neno hilo, sharti, maana litarudi.

Wa tatu ndiye wa vitabuni na kwenye filamu, na hapa inabidi tukae.

Ndege aliyegeuka samaki

Wengi hudhani binti-samaki amekuwepo vile vile tangu dunia iumbwe. Hapana. Wale waimbaji wa Wayunani niliowataja, waliomwimbia Odiseo, shujaa wa utenzi wao, akajifungisha kwenye mlingoti asije akawafuata, walichorwa kwenye vyungu vya kale wakiwa ndege wenye vichwa vya wanawake. Makucha na mabawa. Mkia wa samaki walikuja kuupata baadaye, katika vitabu na michongo ya Ulaya ya Zama za Kati, labda kwa kuchanganywa na miungu wengine wa maji. Syria, kwa mfano, palikuwa na mungu wa kike Atargatis ambaye waandishi wa kale walimweleza kuwa nusu mwanamke, nusu samaki. Mpaka leo Wafaransa, Wahispania na Waitaliano humwita binti-samaki kwa jina lile lile la yule ndege. Hadithi ndefu ikisimuliwa na watu wengi hufanyiwa hivyo, kama kanga inayopita mikono mingi ya mafundi: kila mmoja anakata kidogo, anashona kidogo, na mwisho hukumbuki jina lililokuwa limeandikwa.

Karne ya 16 akatokea tabibu mmoja wa Uswisi, Paracelsus, akaandika kwamba kila kiini cha dunia kina watu wake: maji, hewa, udongo na moto. Watu wa maji, akasema, wana mwili na akili kama sisi, wanakula na kuoana, ila hawana roho ya milele. Wakifa wamekwisha, kama ng'ombe. Njia moja tu ipo ya kuipata roho: kuolewa na binadamu. Mwaka 1811 mwandishi wa Kijerumani, Friedrich de la Motte Fouqué, akaigeuza fikra hiyo kuwa hadithi ya binti wa maji anayeitwa Undine. Hadithi hiyo ikapendwa sana Ulaya. Mmoja wa waliosoma alikuwa kijana wa Denmark, mtoto wa fundi viatu na mama mfua nguo, mzaliwa wa mji wa Odense. Jina lake Hans Christian Andersen.

Nguva mdogo wa Andersen alichapishwa Copenhagen mwaka 1837. Anayemjua kupitia katuni ya Disney ya 1989 pekee hajakutana naye.

Hana jina, kwanza. Ni wa mwisho kati ya mabinti sita wa mfalme wa bahari. Akitimiza miaka 15 anaruhusiwa kupanda juu kuutazama ulimwengu, na huko anamwokoa mwana wa mfalme ambaye jahazi lake limevunjika. Akirudi chini anamwuliza bibi yake swali ambalo katuni haikuligusa: je, watu wasipokufa maji, huishi milele? Bibi anamjibu kwamba watu nao hufa, na maisha yao ni mafupi kuliko yetu. Sisi tunaishi miaka 300, lakini tukifika mwisho tunageuka povu juu ya maji, hata kaburi hatuna. Wao wana roho inayobaki. Na sharti la kuipata ni lile lile la Paracelsus: mwanamume akupende kuliko baba na mama yake, na kasisi auweke mkono wake katika mkono wako.

Basi anakwenda kwa mchawi wa bahari. Malipo ni sauti, na mchawi haichukui kwa uganga wa taa za rangi; anamkata ulimi. Miguu anaipata, lakini kila hatua ni kama kukanyaga visu. Mwana wa mfalme anampenda kama mtu anavyompenda mtoto, anampa mto wa mahameli alale mlangoni pake, kisha anamwoa binti mfalme wa nchi jirani. Dada zake wanaliona hilo, wanauza nywele zao kwa mchawi wapate kisu: amchome bwana harusi moyoni kabla jua halijachomoza, damu imdondokee miguuni, mkia urudi. Anaingia chumbani akiwa na kisu mkononi. Anawatazama waliolala. Anakitupa baharini, anajirusha mwenyewe, anaanza kuyeyuka.

Halafu hageuki povu likaisha. Anajikuta kati ya viumbe wa hewa, ambao nao hawana roho, lakini wanaweza kuichuma wenyewe kwa matendo mema ya miaka 300.

Sasa utaona kwa nini naona si haki kuiita hadithi ya mapenzi. Mwana wa mfalme ni mlango tu. Anachotafuta binti yule kiko nyuma ya mlango. Andersen mwenyewe alimwandikia rafiki yake kwamba hakutaka, kama Fouqué alivyofanya, roho ya nguva itegemee kupendwa na mtu mwingine. Aliona hilo ni jambo la bahati nasibu mno. Akampa njia ya kwake. Mwanamke asiyeachiwa wokovu wake mikononi mwa mume, na hadithi imeandikwa 1837. Katuni iliyokuja miaka 152 baadaye ilimrudisha kwenye arusi.

Hapo pia ndipo ninapoweka ule ugomvi wa 2023, filamu mpya ilipotoka na nguva akachezwa na Halle Bailey, mwigizaji mweusi. Watu waligombana mpaka huku kwetu, ambako hatukuwa na ng'ombe katika zizi hilo. Wapo waliosema mwandishi alimweleza vingine. Ni kweli: Andersen aliandika ngozi laini kama jani la waridi na macho ya buluu kama kilindi cha bahari. Lakini anayedai uaminifu kwa kitabu aurudishe na ulimi uliokatwa, na visu chini ya nyayo, na arusi ya mtu mwingine. Sikumsikia yeyote akiyadai hayo. Nywele nyekundu zenyewe, ambazo wengi walizililia, ni za katuni.

Wale wenye mabawa tuwaiteje?

Sasa twende kwa vidada vya mtoto wa kaka yangu. Shida inaanzia kwenye jina. Watafsiri wetu wamejaribu kila kitu. Malaika haifai, maana malaika ni mtumishi wa Mungu na hana visasi. Hurulaini ni wa peponi. Zimwi linakula watu. Jini yuko karibu zaidi, kwa kuwa naye ana ukoo, ana dini, anaoa, anakasirika, lakini jini ni sehemu ya imani ya mamilioni ya watu, na si adabu kumvisha sketi ya maua. Kamusi zina neno kichimbakazi, ambalo watu wachache hulitumia, na kwa sababu hiyo hiyo nalipenda: halijabeba mzigo mwingine. Nitawaita vichimbakazi.

Kwa Kifaransa jina lao limetokana na neno la Kilatini la majaaliwa, yaani wale wanawake wanaopanga kitakachompata mtu tangu siku anazaliwa. Ukijua hilo, nusu ya hadithi zinafunguka. Vichimbakazi wa kwanza wa vitabuni hawakuwa wadogo wala hawakuwa na mabawa. Walikuwa wanawake wazima, wenye heshima zao, wanaokuja kwenye sherehe ya mtoto mchanga kumgawia bahati. Mwaka 1697 ndio mwaka wao: Madame d'Aulnoy alitoa kitabu kilichozipa hadithi hizo jina linalotumika mpaka leo huko Ufaransa, hadithi za vichimbakazi, na mwaka huo huo Charles Perrault akatoa mkusanyiko wake wenye Sinderela na binti aliyelala miaka 100.

Yule kichimbakazi anayemgeuzia Sinderela boga kuwa gari na panya kuwa farasi ni mama yake wa ubatizo. Kwa msomaji wa pwani, wa karibu naye ni somo: anampamba mwari, anamfundisha, anamtoa nje mbele za watu akiwa amebadilika, na anampa masharti. Rudi kabla ya saa sita usiku. Sharti tena.

Na yule aliyemlaani binti aliyelala? Kosa la wazazi lilikuwa la mwaliko. Kwa Perrault walialikwa vichimbakazi saba, wakaandaliwa vyombo vya dhahabu saba, akasahaulika mzee wa nane ambaye hakuwa ametoka mnarani mwake kwa miaka zaidi ya 50, wakidhani ameshakufa. Ndugu Grimm, Ujerumani, wana 13 na sahani 12. Yeyote aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya harusi Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa zaidi. Hao kina Grimm, kwa njia, baadaye walilifuta neno lenyewe katika matoleo yao na kuandika "wanawake wenye hekima", kwa kuwa waliliona la Kifaransa mno.

Huo ni upande wa makasri. Vijijini Ireland, Scotland na Wales vichimbakazi walikuwa habari nyingine kabisa, na hawakuwa hadithi za watoto. Watu wazima waliwaogopa. Waliaminiwa kuiba mtoto mchanga na kuacha wa kwao kitandani, mtoto mdhaifu asiyekua. Ndivyo wazazi wengi walivyojieleza ugonjwa ambao hawakuwa na jina lake. Chuma kiliwafukuza, na chakula chao hakikuliwa, kwani anayekila harudi. Hawakutajwa hata kwa jina lao. Waliitwa Watu Wema, kwa hofu, kama nyumbani tulivyokatazwa kumtaja nyoka usiku, tukaambiwa tuseme kamba. Imani hiyo iliua. Mwaka 1895 huko Tipperary, Ireland, Bridget Cleary alichomwa moto na mumewe, aliyeshikilia kwamba mkewe halisi amechukuliwa na aliyebaki ndani ni mwingine. Nchi yetu, yenye historia ya vikongwe kuuawa kwa macho mekundu, haina haja ya kuwashangaa.

Je, udogo na mabawa vilitoka wapi? Udogo ulipata umaarufu kwa Shakespeare, ambaye mwishoni mwa karne ya 16 aliwaweka jukwaani vichimbakazi wenye majina kama Utando wa Buibui na Mbegu ya Haradali. Mabawa yaliongezwa na washairi na wachoraji wa karne ya 18 na ya 19, ambao waliazima kwa kipepeo na kereng'ende. Kisha wacheza dansi wa Paris wakayavaa: mwaka 1832 Marie Taglioni alipanda jukwaani akiwa kiumbe wa hewa, gauni jeupe, mabawa madogo mgongoni, akisimama juu ya ncha za vidole. Ukitazama gauni la sherehe ya mtoto wa miaka mitano dukani Kariakoo, unamtazama Taglioni.

Kisiwa walichokutana wote

Kitabu kinachowaweka nguva na vichimbakazi mahali pamoja, na ambacho watoto wengi wamekutana nacho kupitia katuni, ni Peter Pan cha J. M. Barrie wa Scotland, hadithi ya Peter, mvulana asiyekua, anayemchukua msichana Wendy wakaruka mpaka kisiwani kwake. Kilianza kama mchezo wa kuigiza London tarehe 27 Desemba 1904, kikaandikwa kuwa riwaya mwaka 1911. Kichimbakazi wake, Tinker Bell, hakuwa mtu jukwaani. Alikuwa mwanga mdogo uliorushwa kwa kioo ukikimbia huku na huku, na kengele ndiyo sauti yake. Jina lake ni la kazi: ni fundi wa kuziba sufuria.

Mtoto anayemjua kwenye vikombe na mabegi ya shule angepigwa na butwaa akimsoma. Ana wivu, anatukana, na anawadanganya wavulana wamtungue Wendy kwa mshale akiwa angani. Barrie anaeleza kwamba vichimbakazi ni wadogo mno, ndani yao inatosha hisia moja tu kwa wakati mmoja. Wakiwa wema ni wema watupu, wakiwa wabaya ni wabaya watupu. Mama yeyote mwenye mtoto wa miaka miwili anamjua kiumbe huyo. Nguva wa kisiwani nao si marafiki. Wanachana nywele juu ya mwamba, wanamrushia Wendy maji kwa makusudi, na mmoja anamshika miguu kimya kimya aanze kumvuta majini.

Asili yao kwa Barrie ni tamu: mtoto wa kwanza alipocheka mara ya kwanza, kicheko chake kilivunjika vipande elfu, vikatawanyika, ndio vichimbakazi. Lakini kila mtoto akisema haamini, mmoja wao huanguka akafa. Ndiyo maana Tinker Bell anapokunywa sumu iliyotegewa Peter, watazamaji huombwa wapige makofi. Wanapiga, anapona. Wasichokumbuka wengi ni kwamba kurasa za mwisho za riwaya Wendy anamtaja, na Peter anauliza, Tinker Bell ndiye nani? Wako wengi, anasema, huenda hayupo tena.

Niliposoma hapo nikamkumbuka bibi wa yule nguva mdogo, na povu. Waandishi wa zamani waliwapa viumbe hawa kila kitu, uzuri, uchawi, miaka 300 au mabawa, kisha wakawanyima kile kitu kimoja ambacho muuza mchicha anacho. Nguva hana roho. Kichimbakazi anaishi kwa kuaminiwa, akisahauliwa amekwisha. Pinokio wa Mwitaliano Carlo Collodi, aliyetoka gazetini kati ya 1881 na 1883, anahangaika vile vile awe mtoto wa kweli, na kichimbakazi wake mwenye nywele za buluu, tunapokutana naye mara ya kwanza, ni msichana dirishani anayesema kwamba amekufa. Hilo ndilo fumbo la hadithi hizi, kuwa mtu ni kuwa na nini, na ndilo linalotoka la kwanza zinapogeuzwa kuwa vikombe na mabegi.

Na ile video?

Mwaka 1917, karibu na Bradford, Uingereza, wasichana wawili mabinamu, Elsie Wright wa miaka 16 na Frances Griffiths wa miaka 9, walipiga picha kijitoni kwao, na ndani ya picha vichimbakazi wanacheza. Habari zilimfikia Arthur Conan Doyle, mbunifu wa mpelelezi Sherlock Holmes, mtu ambaye mhusika wake hakudanganyika hata na majivu ya sigara. Doyle aliamini. Alizitoa picha katika jarida mwaka 1920 na kuandika kitabu kizima mwaka 1922. Mabinamu walikuja kukiri mwaka 1983, wakiwa vikongwe: vilikuwa vikaratasi vilivyochorwa, vikakatwa kwa mkasi, vikashikizwa kwa pini za kofia.

Nguva naye alishauzwa hivyo. Mwaka 1842 P. T. Barnum aliwatoza watu kiingilio New York wakamwone nguva aliyekaushwa; ilikuwa juu nyani, chini samaki, katikati uzi. Na mwaka 2012, baada ya kipindi kimoja cha televisheni kilichotengenezwa kionekane kama ripoti ya kweli, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari ilijikuta ikitoa taarifa rasmi kwamba hakuna ushahidi wowote wa watu-samaki uliowahi kupatikana. Ya kundi letu la ukoo, binamu aliikuza picha. Kwenye kiuno, pale ngozi inapokutana na magamba, kulikuwa na zipu.

Wazazi huniuliza jambo jingine, kwa sauti ya chini: kumsomea mtoto haya si kumfungulia mlango wa mashetani? Mimi si shehe wala mchungaji. Ninachoona ni kwamba hadithi haimwombi mtoto aabudu wala achinje kuku. Inamwambia palikuwa na, naye anajua maana ya hapo kale, kama alivyojua kwamba Sungura hakuwahi kweli kumwuzia Fisi maneno. Hofu yangu iko kwa wanaosema "si hadithi, ni kweli, sambaza".

Yule mtoto alipochoka na Wazungu nikamsimulia ya kwetu, au iliyo karibu na kwetu, ya Alfu Lela Ulela: Abdallah wa bara na Abdallah wa bahari. Mvuvi maskini, watoto tele, anavuta wavu mzito anakuta mtu ndani. Anatimua mbio akidhani ni afriti. Yule wa wavuni anamwita: usikimbie, mimi ni kiumbe wa Mungu kama wewe, na wavu huu ningeweza kuuchana, ila nimeridhika na alichoniandikia Mola. Wakawa marafiki. Huyu huleta zabibu na tini za nchi kavu, yule huleta lulu na marijani. Siku moja wa bahari akamchukua mwenzake chini, mji wa watu wenye mikia, na wao wakamzunguka kumcheka: tazameni, hana mkia! Kisha akampa amana aipeleke kwenye kaburi la Mtume, Madina. Wakiwa njiani kurudi wakapita penye ngoma na vyakula. Arusi? akauliza wa bara. Hapana, kafiwa mtu. Kwetu, akasema wa bara, akifa mtu tunalia. Abdallah wa bahari akasimama. Roho ni amana ya Mungu, akasema. Akija mwenyewe kuichukua mnanuna? Basi amana yangu nitakukabidhije? Akaichukua. Akamfikisha ufukweni, akazama. Mvuvi akawa anarudi pale mara kwa mara, anaita. Hakujibiwa.

Hapa ni nguva ndiye mwenye uhakika wa roho, na binadamu ndiye anayebabaika. Nilidhani mtoto angeuliza kuhusu hilo. Aliuliza kama mkia unauma ukikaa.

Nikairekodi, nikamtumia mjomba Mafia. Alikaa siku nzima bila kujibu. Usiku sauti yake ikaja, sekunde sita.

"Anasema angeweza kuuchana huo wavu? Basi haukuwa wa nailoni."